Mita 1,134 juu ya bahari: kisa cha shule ya pamoja ya sayansi ya maji katika Ziwa Victoria

Kuhusu kisa hiki

Kuanzia 2018 hadi 2022 nilikuwa mratibu, upande wa Uganda, wa shule ya mafunzo iliyowakutanisha wanafunzi wa maji baridi na wanafunzi wa bahari. Nimeondoa majina ya watu, ya taasisi na ya mwalo (mahali pa kushushia samaki) tulikofanyia kazi. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wanaopanga mafunzo ya namna hii kati ya nchi zenye pwani na nchi isiyo na pwani. Tulipoteza vipimo vya mwaka mzima kwa kosa ambalo mtu mmoja kati yetu alikwisha kuliona siku ya tatu, na nafasi ya kulisema hakupewa.

Usuli

Nimeulizwa mara nyingi Uganda inatafuta nini katika sayansi ya bahari. Jibu la kisheria lipo. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari mwaka 1990, na kifungu cha 254 cha mkataba huo kinataka nchi jirani zisizo na bahari zijulishwe miradi ya utafiti inayopendekezwa katika maji ya nchi ya pwani, na zipewe nafasi ya kushiriki. Ni haki inayolala kwenye karatasi kwa sababu Uganda ikialikwa haina wa kumpeleka: mwanafunzi wetu hajawahi kushika chombo cha kupimia chumvi.

Jibu la kihistoria nalipenda zaidi. Utafiti wa samaki wa maji baridi ulianzishwa Jinja mwaka 1947 kwa ajili ya Afrika Mashariki yote, na muda si mrefu ukafuata ule wa bahari kule Zanzibar. Vilikuwa vyumba viwili vya nyumba moja. Jumuiya ilipovunjika 1977 kila nchi ikabeba chake: Kenya ikaunda taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi mwaka 1979, Tanzania ikaunda yake ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, mwaka 1980, Jinja ikabaki mikononi mwa Uganda. Ziwa lilipata tena meza ya pamoja mwaka 1994, mkataba uliotiwa saini Kisumu ulipounda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, ambalo makao yake yako Jinja. Bahari nayo, tangu miaka ya mwanzo ya 1990, ina WIOMSA, chama cha wanasayansi wa Bahari ya Hindi ya magharibi chenye makao Zanzibar. Ziwa lina watu wake, bahari ina watu wake, na njia kati yao imeota nyasi.

Shule yetu ilitaka kuifyeka njia hiyo. Washirika walikuwa wanne: kituo cha utafiti kando ya ziwa Uganda, ambacho ndicho kilikuwa mwenyeji, chuo kikuu upande wa Kenya wa ziwa, kituo kimoja upande wa Tanzania, na taasisi ya bahari katika pwani ya Bahari ya Hindi. Kila mshirika angeleta wanafunzi wanne. Wiki tatu wangekaa ziwani, wiki mbili baharini. Mfadhili wa nje alikubali kulipia miaka mitatu.

Hati ya makubaliano ilikuwa na kurasa 11. Nimeirudia kuisoma juzi kabla ya kuandika haya. Maneno "fundi wa maabara" hayamo hata mara moja. Kuhusu data kuna sentensi moja tu: zitatumiwa kwa pamoja.

Mwaka 2019: yaliyotokea

Vibali vilituchelewesha, kama kawaida. Kila nchi ina baraza lake la kuidhinisha utafiti, Zanzibar ina utaratibu wake wa peke yake, na sisi tulikuwa tumeomba kana kwamba Afrika Mashariki ni wilaya moja. Vyombo vya taasisi ya pwani vilikaa siku tisa mpakani vikisubiri karatasi za forodha. Hayo yalipita.

Kilichokuja kutuumiza ni vyombo vyenyewe. Wakufunzi wa pwani walikuwa wamebobea, na walileta mali nzuri kuliko chochote kituo mwenyeji kilichokuwa nacho. Lakini chombo kina kwao. Kile cha kupima joto, chumvi na kina kilikuwa kimerekebishwa kwa maji ya bahari, ambayo hupitisha umeme kwa kiwango cha takriban maikrosimensi 50,000 kwa sentimita. Ziwa Victoria liko karibu na 100. Ni kama kupima chumvi ya mchuzi kwa mizani ya gunia. Hilo liligunduliwa mapema, wanafunzi wakalijadili, likawa somo zuri.

Kipimo cha oksijeni ndicho kilichotupotosha kimyakimya. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo maji hushiba oksijeni mapema. Maji baridi ya nyuzi 25 yaliyo kwenye usawa wa bahari hushiba kwenye takriban miligramu 8.3 kwa lita. Maji hayohayo ziwani kwetu hushiba kwenye takriban 7.2. Chombo hurekebishwa kila asubuhi kwa hewa ya mahali kilipo, na lazima kiambiwe shinikizo la hewa la mahali hapo. Chetu siku nyingi kiliachwa na namba ya pwani. Kila usomaji wa siku hizo ukapanda kwa karibu asilimia 14, na namba zilionekana nzuri kabisa. Nani angetilia shaka ziwa lenye afya?

Aliyetilia shaka alikuwa fundi wa maabara wa kituo mwenyeji, mama aliyekuwa na zaidi ya miaka 20 kazini. Siku ya tatu alichukua maji ya mahali pale pale, akayapima kwa njia ya zamani ya Winkler: chupa, kemikali, na matone yanayohesabiwa mpaka rangi ipotee. Chupa zikampa 6.9. Chombo kilikuwa kimeandika 7.9. Akarudia kesho yake, akapata pengo lilelile. Aliandika kwenye daftari lake, akaendelea kuosha vyombo vya wanafunzi.

Siku ya tisa nilipita maabara kuomba ufunguo wa stoo, nikaliona daftari limefunguliwa mezani. Nilipomwuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwa upole, "Dokta, mimi sikuitwa darasani. Nikaona wageni wana mashine, huenda wanajua jambo nisilolijua."

Jibu hilo sijalisahau. Siku tisa za kazi ya wanafunzi 16 zilikuwa zimekwisha. Kosa lenyewe lingeweza kusahihishwa kwa hesabu kama tungekuwa tumeandika kila asubuhi chombo kilirekebishwaje na nani. Hatukuandika. Siku nyingine mwanafunzi mmoja alikuwa ameweka namba sahihi, siku nyingine mwenzake amerudisha ile ya pwani, na hakuna aliyekumbuka ilikuwa siku ipi.

Asubuhi ya mwaloni

Tulikuwa na sehemu ya pili ya mafunzo: kupima samaki wanaoshushwa mwaloni na kuzungumza na wavuvi. Tuliamua lugha iwe Kiswahili, kwa kuwa ndiyo inayowaunganisha wanafunzi wa nchi tatu. Darasani uamuzi huo ulikuwa wa busara. Mwaloni ulikuwa kosa.

Wanafunzi 16 walishuka kwenye basi dogo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wengi wakiwa wamevaa fulana za kijani za mradi, wakisalimia kwa sauti, "Shikamoo! Habari za kazi!" Mitumbwi miwili iliyokuwa inaingia iligeuza na kurudi majini. Wanaume waliokuwa wakitengua nyavu walizikunja wakaondoka bila haraka, lakini waliondoka. Katika dakika kumi walibaki akina mama wanaoanika mukene, yaani dagaa, na wazee wawili.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atashangaa. Msomaji wa Uganda amekwisha kuelewa. Kiswahili huku kilibebwa na askari tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, na bado ni lugha ya jeshi. Mwaka 2017 jeshi ndilo lililopewa kusimamia sheria za uvuvi ziwani. Mitumbwi isiyofikia futi 28 na nyavu zisizoruhusiwa zilikuwa zikikamatwa na kuchomwa. Mzee mmoja alimwambia mwanafunzi wetu kutoka Unguja, "Mwanangu, hapa Kiswahili cha asubuhi ni cha afande." Kijana yule, aliyekua akijua Kiswahili ni lugha ya adabu na ya nyumbani, alikaa kimya siku nzima.

Wiki mbili za bahari

Sehemu hii ni fupi kwa sababu kilichofanyika ni kidogo. Likizo ndefu ya vyuo vya Uganda huanguka kati ya Juni na Agosti, nasi tukaweka safari ya pwani mwezi Julai. Julai ni kusi. Upepo ulivuma, mawimbi yakapanda, na kati ya siku kumi zilizopangwa kutoka nje ya mwamba, boti ilitoka siku nne. Mvuvi yeyote wa pwani angetuambia bila malipo. Tulipanga kwa kalenda ya chuo, hatukumwuliza mtu wa upepo.

Maamuzi na sababu zake

Mwishoni mwa 2019 tulikutana siku tatu, safari hii pamoja na fundi mmoja kutoka kila taasisi. Maamuzi manne yalitoka pale, na hayakupita kwa urahisi yote.

Kwanza, mafundi wakawa wakufunzi. Siku mbili za mwanzo za kila awamu zingekuwa zao: kurekebisha vyombo, kupima kwa Winkler sambamba na chombo, kuandika kila kitu kwenye daftari linalobaki kituoni. Mshirika mmoja alipinga akisema mafundi hawana shahada ya kufundisha wanafunzi wa uzamili. Hoja hiyo ilianguka daftari la mama yule lilipozungushwa mezani.

Pili, tuliacha kubuni taratibu zetu. Ziwani tayari kulikuwa na taratibu za pamoja zilizokubaliwa kupitia LVFO za kuhesabu wavuvi na vyombo na za kukadiria mavuno, na sisi tulikuwa tumezipita kama mgeni anayepita kisima kwenda kutafuta maji. Tulizichukua, tukaongeza kurasa chache za mambo ya maji. Hata urefu wa samaki ulihitaji mjadala. Mkufunzi wa pwani amezoea kumpima jodari mpaka kwenye panda la mkia. Sangara mkia wake ni wa mviringo, panda hana, kwa hiyo hupimwa urefu wote. Dagaa panda analo, na tuligundua timu moja iliishia kwenye shina la mkia, nyingine kwenye ncha. Samaki mdogo kama yule, tofauti hiyo inageuza matokeo.

Tatu, data. Nakala moja ingebaki kwa kila mshirika siku ileile ya kupimwa, kabla boti haijafungwa. Sababu ilikuwa wazi: data za 2019 zote zilikuwa zimesafiri kwenda pwani ndani ya kompyuta moja, na tulizipata baada ya miezi mitano. Hakuna aliyetaka kutudhulumu. Kompyuta ilikuwa yao tu.

Nne, mwaloni. Tungeanza na mwenyekiti wa kamati ya mwalo, tungeanza kwa Kiganda, na siku ya kwanza hakuna mwanafunzi angebeba chombo, daftari wala kuvaa fulana ya mradi. Fulana za kijani tulizigawa kwa timu ya mpira ya chuo.

Mipaka ilipofungwa

Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa sababu ya korona. Fedha za tiketi zilikuwa benki, na mimi na mratibu mwenzangu tulitofautiana vikali. Yeye alitaka zihifadhiwe mpaka safari zirudi. Mimi nilitaka zinunue mafuta ya boti, kemikali za Winkler na vifurushi vya intaneti kwa mafundi. Mfadhili alituunga mkono nusu kwa nusu, tukagawana.

Kwa nusu hiyo mafundi wa ziwa, kila mmoja katika ghuba yake, waliendelea kupima kila wiki mbili pale vizuizi viliporuhusu. Walifungua kundi la WhatsApp wakaliita "Chupa". Ndani yake kulikuwa na picha za chupa, namba za shinikizo la hewa, na maswali ya kweli: rangi yangu imegeuka mapema, kemikali imeharibika? Fundi wa pwani, ambaye hakuwa na boti ya kutokea, ndiye aliyekuwa anakagua hesabu za wenzake. Ushirikiano ambao tulijaribu kuujenga kwa tiketi za ndege ulijengeka pale.

Kisha, mwisho wa 2020 na mwanzo wa Januari 2021, sangara wakaanza kufa kwa wingi katika Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga upande wa Uganda, wakielea wakubwa kwa wadogo. Mialoni kulikuwa na maneno ya sumu, na watu walikuwa wanatazamana kwa tuhuma. Serikali ilieleza kuwa chanzo ni upungufu wa oksijeni, maji ya chini yaliyokosa hewa yalipochanganywa na dhoruba. Sangara huumia haraka kuliko samaki wengi oksijeni inaposhuka.

Kituo mwenyeji kilikuwa na mfululizo wa vipimo vya miezi vya ghuba yake, vilivyohakikiwa kwa chupa. Maji ya chini yalikuwa chini ya miligramu 2 kwa lita kabla ya samaki kuonekana. Hatukuweza kusema lolote kuhusu ziwa zima, tulikuwa na ghuba moja. Lakini mwenyekiti wa mwalo alipoomba mtu aje awaeleze watu wake, tulimpeleka mama wa maabara na daftari lake. Alizungumza kwa Kiganda, akachora ziwa kwa kijiti kwenye mchanga: juu maji ya moto, chini maji ya baridi yasiyo na hewa, upepo unayakoroga. Mvuvi mmoja aliuliza kama maji mabaya hutoa harufu. Alijibu kuwa mara nyingine ndiyo, na wavuvi wakaanza kutajiana siku na mahali walipoinusa. Tuliandika yote.

Fikiria tungekuwa na namba za 2019 siku ile. Ongezeko la asilimia 14 hufanya maji yanayokaribia kuua samaki yasomeke kama yanayostahimilika.

Matokeo

Awamu ya pili ilifanyika 2022 na wanafunzi 12. Upande wa ziwa ulikwenda vizuri. Washirika watatu wa ziwa wana vipimo vinavyolinganishika, na kila mmoja ana nakala. Vipimo vya oksijeni vya 2019 vimehifadhiwa vikiwa na maandishi mekundu: visitumike.

Mwaloni, siku ya kwanza wanafunzi walikaa na akina mama wa mukene wakisaidia kugeuza dagaa juani. Siku ya tatu Kiswahili kilirudi chenyewe, wavuvi walipokianzisha. Vibarua wa mitumbwi huku huitwa mabaria, neno lililotoka kwa baharia, na kijana wa Unguja (alirudi, sasa akiwa msaidizi wa mkufunzi) alipoeleza kwamba hata baba yake ni baharia, alipewa kasia akae mbele.

Upande wa bahari tulishindwa. Safari ilisogezwa hadi Novemba, kusi ikiwa imeisha, lakini Novemba vyuo vya Uganda vina masomo. Wanafunzi wawili tu kutoka Uganda walipata ruhusa ya kusafiri.

Uchambuzi

Kosa la oksijeni halikutokana na uzembe wa wakufunzi wa pwani. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye usawa wa bahari hana siku hata moja ya kulazimika kugusa namba ile. Ni ujuzi wa mahali, na kila mahali una wake. Mafunzo ya pamoja yangepaswa kuanza kwa kila upande kusema: kwetu chombo hiki hudanganya hivi. Sisi tulianza kwa hotuba za ufunguzi.

Kilichofanya kazi zaidi, naamini, ni kuwapa mafundi mamlaka. Wahadhiri huhama, wanafunzi huhitimu, waratibu kama mimi huisha na mradi. Fundi hubaki na daftari. Bado hatukuwalipa ipasavyo: posho yao ya 2022 ilikuwa theluthi moja ya ya mhadhiri kwa siku hiyohiyo ya kazi, na mimi ndiye niliyetia saini bajeti ile.

Nakala ya data kwa kila mshirika ilipunguza shaka kuliko kifungu chochote cha hati. Watu wawili wakiwa na namba zilezile, mabishano huwa ya kisayansi.

Kuhusu lugha, wakati wa kutumia Kiswahili tuliuchagua vibaya. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, nami nalifurahia hilo kwa moyo wote. Mwaloni lakini uamuzi wa baraza haufiki kabla ya kumbukumbu ya nyavu zilizochomwa.

Kilichoshindwa na ambacho bado sijui namna ya kukirekebisha ndani ya fedha ndogo ni kalenda. Dirisha la bahari tulivu na dirisha la likizo za vyuo vya Uganda havikutani. Fundi wa pwani amependekeza jambo ambalo washirika wanalijadili sasa: kuacha kupeleka darasa zima, na badala yake mafundi wawili wa ziwa waende pwani mwezi Februari, wakati wa kaskazi, wakae mwezi mzima, warudi na kipimo cha chumvi na mazoea ya kukitumia. Mama wa maabara amekwisha kuomba pasipoti. Ana miaka mitatu kabla ya kustaafu, na bahari hajaiona.